Barua kwa Anti wa Picha: Anayetutoa machozi siye steringi

Toleo lililopita niliitaja Imitation of Life ya 1959 kwa mistari michache tu, nikasema ukiiangalia jifunge khanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufutia machozi, nikadhani yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka mhariri kanipa kurasa za ziada, na karibu zote ukizichuja zinauliza kitu kimoja, mbona picha inamlilia mtu mweusi lakini steringi ni mzungu?

Kwa ambao hamjaiona, kifupi ni hivi. Lora ni mzungu mjane anayetaka kuwa mwigizaji mkubwa New York, anakutana ufukweni na Annie, mama mweusi asiye na pa kulala, kila mmoja ana mtoto wa kike. Annie anahamia kwa Lora, anapika, anafua, analea, miaka inakwenda Lora anakuwa staa. Mtoto wa Annie, Sarah Jane, ukimwangalia ni mweupe kabisa, na anaamua ataishi kama mzungu, anamkana mama yake mbele za watu, anatoroka. Mama anakufa na huzuni. Mazishi sasa, hapo ndo khanga ya pili. Haya twende.

*Anti shikamoo. Mimi na mama mkwe tumeiangalia hiyo picha tukabishana mpaka chai ikapoa. Mi nasema yule Sarah Jane ni chotara kweli, yeye anasema ni mzungu kapewa tu nafasi. Nani kashinda? — Mke wa Fundi, Tanga*

Marahaba mwanangu. Mama mkwe kakushinda, ila sio kwa magoli mengi. Sarah Jane mkubwa kaigizwa na Susan Kohner, ambaye mama yake ni Lupita Tovar, mwigizaji wa Mexico, na baba yake ni Paul Kohner, Myahudi mzaliwa wa Bohemia, ajenti mzito sana wa waigizaji pale Hollywood. Kwahiyo sio Mmarekani mweusi, na pia sio mzungu wa kutoka mtaa wa kina Lana Turner, aliyemuigiza Lora. Mgawane ushindi muendelee kupikiana.

Lakini ulichouliza kina mzizi mrefu, maana picha hii ilishatengenezwa kabla, 1934, na muongozaji mwingine, John M. Stahl, kutoka kwenye riwaya ya Fannie Hurst, na ile ya kwanza mtoto anaitwa Peola na aliyemuigiza alikuwa mweusi kweli. Jina lake Fredi Washington, mzaliwa wa Savannah, Georgia, 1903. Huyu dada ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba angepanda treni ya wazungu hakuna ambaye angegeuka kumtazama mara mbili, na watu wa kazi hiyo walimshauri ajitangaze mzungu tu, nafasi zije, akakataa, na akakataa hadharani. Matokeo yake ni nini, weusi wanaotafutwa na studio ni wanene, weusi tii, wa kucheka jikoni, yeye hayumo, na wazungu wanaotafutwa hawezi kuwa kwa sababu kasema mwenyewe yeye ni nani. Mwaka 1933 aliigiza na mwigizaji mweusi Paul Robeson kwenye The Emperor Jones, wakampaka mekapu ya kumtia weusi zaidi ili watazamaji wasije wakadhani Robeson kamkumbatia mzungu. Hebu fikiria. Mwaka mmoja unapakwa uonekane mweusi, mwaka unaofuata unaigiza binti anayekimbia weusi, na wewe binafsi hujawahi kuukimbia hata siku moja, alafu unakutana na watu barabarani wanakuchukia kwa sababu ya Peola.

Kuna sini Peola anasimama mbele ya kioo anamuuliza mama yake kwani mimi sio mweupe, hebu niangalie. Susan Kohner ni mwigizaji mzuri, simnyimi haki yake, aliteuliwa kuwania Oscar na tuzo ya Golden Globe akaichukua. Lakini pale kwenye kioo 1934 unamwona mwanamke ambaye hilo swali kaulizwa na dunia nzima, na hapo ndo mi naipa ya 1934 pointi. Miaka 25 mbele, na wamerudi nyuma. Fredi mwenyewe picha yake ya mwisho ni ya 1937, na mwaka huohuo akashirikiana na wenzake kuanzisha chama cha waigizaji weusi, Negro Actors Guild, baadae akawa anaandika mambo ya sanaa kwenye gazeti la Harlem, mtaa wa weusi New York. Alifariki 1994. Hollywood ilikuwa na mtu kama huyu mkononi ikamwachia.

*Anti, salaam aleikum. Hivi kweli Amerika nzima ile hakukuwa na mwanamke mweusi wa kumpa nafasi ya mapenzi? Kila picha ya zamani nikiweka, mweusi ni yaya ama mpishi. Walikosa watu ama ni roho mbaya tu? — Kijana wa Kisauni, Mombasa*

Waalaikum salaam kaka. Watu walikuwepo wa kumwaga. Na roho mbaya ilikuwepo pia, ila ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, na hiyo ndo sehemu ambayo wengi hawaijui.

Mwaka 1930 studio za Hollywood zilijiandikia kanuni za maadili, na kuanzia katikati ya 1934 zikaanza kubana kisawasawa chini ya bwana mmoja anaitwa Joseph Breen. Skripti inapita mezani kwake, picha ikikamilika inapita tena, bila muhuri wake haiingii kwenye sinema kubwa. Na kati ya vilivyokatazwa kwa maandishi ni mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Kifungu hicho kilikaa mpaka 1956. Kanuni hizohizo ndo zilimfanya muongozaji William Wyler mwaka 1936 atengeneze These Three kwa kubadilisha uvumi wote ulioibeba hadithi, wanawake wawili wanaosingiziwa kupendana ikawa kusingiziwa mambo na mwanaume, akaja kuirudia 1961 kwa uvumi wake halisi ikiitwa The Children's Hour.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Melodrama kazi yake ni mapenzi, kupendana, kukatazwa, kuachana, kufiwa. Steringi ni mzungu. Kama sheria inasema steringi hawezi kukupenda wala kupendwa na wewe, unabakiwa na nini kwenye hadithi? Unabaki kumfungulia mlango, kumfunga vifungo vya gauni, na kumsikiliza akilia kitandani. Ndo maana yaya kwenye picha hizi ana hekima nyingi ajabu na hana mume, hana ugomvi wake, hana hata chumba ambacho kamera imewahi kuingia. Hawakuishiwa na ubunifu, hiyo ndo nafasi pekee iliyobaki wazi baada ya Breen kupita na kalamu.

Na walibana mpaka ikawa kichekesho. Hiyo Imitation of Life ya 1934 ofisi ya Breen iliisumbua sana kwa sababu hata weupe wa Peola peke yake ni ushahidi kwamba mahali fulani, zamani, mweupe na mweusi walilala pamoja, kwahiyo ikabidi mama yake aseme kwenye picha kwamba baba wa mtoto alikuwa mweusi wa rangi nyepesi. Kulikuwa pia na sini kwenye skripti ambapo nusura kijana mweusi anyongwe na umati kwa kudhaniwa kamtongoza mzungu, ikatolewa. Mapenzi hayaruhusiwi na kisasi chake pia hakiruhusiwi kuonekana, basi Marekani yote ni jikoni kwa watu, chapati za maji na kicheko.

Alafu wakagundua njia ya kuizunguka kanuni, na njia yenyewe ni mbaya zaidi: muweke mzungu aigize mwenye damu ya weusi. Hapo busu likipigwa, machoni pa mtazamaji ni wazungu wawili. Ndo Pinky ya 1949, ya Elia Kazan, Jeanne Crain mzungu mtupu anaigiza nesi mweusi anayepita kama mzungu na ana mchumba daktari mzungu, bibi yake ni mweusi kweli, Ethel Waters. Na hata hivyo mji wa Marshall, Texas ukaipiga marufuku, meneja wa sinema akaionyesha akapigwa faini, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani na 1952 mahakama ikaifuta ile hukumu. Mwaka 1951 tena studio ya MGM wakatengeneza Show Boat, nafasi ya Julie, mwimbaji chotara, na mwimbaji mweusi Lena Horne yupo hapohapo MGM, kashaimba kipande cha Julie kwenye picha ya 1946, sauti anayo, uzuri anao, nafasi kapewa mzungu, Ava Gardner. Lena alikuwa anasimulia kwamba mpaka ile mekapu iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi yake alipakwa Ava. Walikuwa marafiki wale wawili, hiyo ndo inauma vizuri. Sini za Lena mwenyewe kwenye picha nyingine zilipangwa zikae peke yake, zisigusane na hadithi, ili sinema za majimbo ya kusini zikitaka kukata zikate bila picha kuharibika. Wateja wa kusini walikuwa na pesa na studio hazikutaka kuzipoteza, ndo roho mbaya ilivyokuwa inaingia kwenye hesabu.

Hattie McDaniel unamjua, yule yaya, Mammy, wa Gone with the Wind. Uzinduzi wa Atlanta Desemba 1939 hakuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa pale, tarehe 29 Februari 1940 akachukua Oscar, mweusi wa kwanza, kwenye hoteli ambayo weusi hawaruhusiwi na prodyuza alibidi aombe kibali aingie, akakalishwa meza ya pembeni mbali na waigizaji wenzake. Alipofariki 1952 alitaka azikwe makaburi ya Hollywood, wakakataa, weusi hawazikwi pale. Weusi wenzake wengine walimsema sana kwa kukubali u-yaya kila siku. Mi siwezi kumsema. Ukimwangalia kwenye ile ngazi anapopanda na Melanie, mzungu wa hadithi hiyo, akieleza msiba wa nyumba, dakika chache tu, kazibeba peke yake, na hiyo ndo shida yangu na picha hizi, uchungu wa kweli wanampa yaya autoe, alafu hadithi inarudi kwa wenye nyumba.

*Anti, babu yangu alikuwa akitusimulia kwamba Wahaya walitokea kwenye picha ya Clark Gable. Tulikuwa tunamcheka. Ni kweli? — Mjukuu, Bukoba*

Mkamuombe babu msamaha, kama hayupo msomeeni dua. Picha ni Mogambo ya 1953, John Ford muongozaji, Clark Gable, Ava Gardner huyohuyo, na Grace Kelly, pembe tatu ya mapenzi katikati ya safari za kuwinda. Walipiga picha zake Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, na huku Kenya hali ya hatari imeshatangazwa Oktoba 1952, ila kwenye picha hiyo hutasikia hata harufu ya Mau Mau. Ukiangalia maandishi ya mwanzo utaona wametajwa Wasamburu wa Kenya Colony, Wagenia wa Belgian Congo, na Bahaya wa Tanganyika, pamoja na watu wa Afrika ya Kifaransa.

Wametajwa kama makabila. Gable ana jina, Ava ana jina, kijana wa Kihaya aliyebeba mzigo juani anaitwa Bahaya. Ndani ya picha wanapiga kasia, wanaimba, wanachoma mikuki, wanakasirika kidogo ili wazungu waogope na wakumbatiane. Wale ni yaya wa nje, kazi ni ileile. Na kama mnataka kucheka, Hispania ya wakati wa dikteta Franco mambo ya mke wa mtu kumpenda mwindaji yaliwakera, wakabadilisha maneno kwenye sauti ya Kihispania ili Grace Kelly na mume wake wawe kaka na dada, uzinzi ukaondoka ukaingia kitu kibaya zaidi maana wale wanalala chumba kimoja.

*Dada yangu, binti yangu yuko chuo hapa Minneapolis, kaja likizo ananiambia ile picha ya 1959 ni ukosoaji mkali wa ubaguzi na kwamba muongozaji alikuwa anawacheka wazungu chini kwa chini. Mimi nimeiona mara nyingi, naona kilio tu na nguo nzuri za Lana Turner. Hawa watoto wanasomeshwa nini? — Mama Mtu, Minnesota*

Wanasomeshwa vizuri dada, ila na wewe hujakosea, ndo uzuri wa huyu muongozaji. Douglas Sirk alizaliwa Hamburg 1897, jina lake la mwanzo Detlef Sierck. Alikuwa muongozaji mkubwa Ujerumani, mke wake wa pili alikuwa Myahudi, wakakimbia 1937. Mke wa kwanza alishajiunga na Wanazi na akamzuia kumwona mtoto wao wa kiume kwa sababu kaoa Myahudi, yule mtoto akawa mwigizaji kwenye picha za Kijerumani za wakati huo, na baba ikawa anamwona mwanae kwa kwenda sinema tu. Kijana akauawa vitani 1944. Sasa mtu aliyepitia hayo ukimpa hadithi ya mzazi na mtoto waliotenganishwa na mambo ya damu na rangi, unadhani ataichukulia mchezo?

Angalia mwanzo, vito vinadondoka vinajaa skrini yote, vya kung'aa, na vyote ni vya bandia. Angalia sini ya sinia, Lora ana wageni, Sarah Jane anaambiwa asaidie kuhudumia, anaingia kaweka sinia kichwani anaongea kwa lafudhi ya watumwa wa shambani, na Lora akimuuliza umejifunza wapi hayo anasema kwa mama, naye alijifunza kwa bwana wake. Lora anakasirika. Anajiona mwema, na kweli ni mwema, hajawahi kumtukana Annie hata mara moja. Ila kuna mahali Annie anataja marafiki zake wengi, Lora anashangaa, anasema sikujua una marafiki wengi hivyo, na Annie anamjibu kwa upole kwamba hujawahi kuuliza. Miaka yote hiyo nyumba moja! Mi nikifika hapo huwa nasimamisha picha kidogo. Sitaki kusema mengi kuhusu dada zetu wa kazi humu Dar, ila wangapi tunajua anasali wapi na rafiki yake anaitwa nani.

Kisha mazishi, kanisa limejaa, Mahalia Jackson, mwimbaji wa nyimbo za injili, anaimba, farasi weupe, bendi, barabara nzima watu weusi ambao kwenye picha hii hatujawahi kuwaona, ndo kwanza tunagundua Annie alikuwa na dunia yake na kamera haikuwahi kutupeleka. Sarah Jane anapasua umati analia juu ya jeneza. Alafu wanamtia kwenye gari la kina Lora. Anaondoka na wazungu. Binti yako atakwambia hiyo ni kejeli, wewe utasema ni kumfariji yatima, na mkibishana mpaka asubuhi Sirk huko aliko atafurahi. Aliachana na Hollywood baada ya picha hiyo, akaenda kuishi Uswisi mpaka alipofariki 1987.

Ninachomdai Sirk ni kimoja. Ya 1934 angalau mama mweusi, Delilah, aliyeigizwa na Louise Beavers, ndo mwenye siri ya zile chapati zilizomtajirisha mzungu, na anapewa asilimia 20 ya kampuni, anakataa eti asije akafukuzwa nyumbani, watu weusi wa wakati ule walichukia sana, mshairi Sterling Brown aliiponda kwenye jarida 1935 na haki yake. Lakini angalau hesabu ipo mezani unaiona, nani kaleta ujuzi na nani kabeba faida. Ya 1959 Lora ni mwigizaji, utajiri wake hautoki kwa Annie, na ile hesabu imefutwa kimyakimya.

Juanita Moore aliyeigiza Annie aliteuliwa kuwania Oscar pamoja na Susan, mweusi wa tano tu kuteuliwa kwenye uigizaji, wote wawili wakashindwa na Shelley Winters. Baadae alisema alikuwa anapata kazi zaidi kabla ya kuteuliwa. Kafariki siku ya mwaka mpya 2014 akiwa na miaka 99.

*Anti habari, mnaongea weusi na weupe tu. Huku Muscat tuna majirani Wafilipino na Wahindi, wao wanasema zamani Hollywood Mchina alikuwa anaigizwa na mzungu aliyevutwa macho. Kweli? — Msomaji wa Ruwi*

Kweli tupu. The Good Earth, 1937, hadithi ya wakulima wa China, mume Paul Muni, mke Luise Rainer, wote wazungu, na Luise akachukua Oscar. Wakati huohuo yupo Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, Mchina Mmarekani, staa anayejulikana mpaka Ulaya, aliitaka ile nafasi ya mke. Kanuni kwa maandishi ilitaja weupe na weusi lakini studio walikuwa wanaitafsiri kwa upana wao, mume ni mzungu aliyepakwa basi mke naye lazima awe mzungu aliyepakwa. Wakampa Anna May nafasi ya Lotus, mke mdogo mvuruga nyumba. Akaikataa. Picha nzima imejaa watu wema wanaoigizwa na wazungu alafu Mchina wa kweli ndo aje awe mbaya, ukiwa na akili timamu unakataa. Leo sura yake iko kwenye sarafu ya senti 25 ya Marekani tangu 2022, yeye kafariki 1961.

Na iliendelea. 1955 Love Is a Many-Splendored Thing, daktari chotara wa Kichina Hong Kong, ni Jennifer Jones. 1957 Sayonara wakajirekebisha nusu, Miyoshi Umeki Mjapani kweli akapata Oscar, mwanamke wa kwanza kutoka Asia, ila mhusika wake na mume wake Mmarekani wanajiua, na humohumo mwigizaji wa Kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, kaigizwa na Ricardo Montalban wa Mexico. Wamexico wenyewe angalia Giant ya 1956, tajiri wa Texas, Rock Hudson, mwanae anaoa Mmexico, na huyo mke, Juana, kaigizwa na Elsa Cárdenas, Mmexico kweli, sio wa kupakwa. Mwishoni baba mtu anapigana mgahawani kutetea familia ya Kimexico isifukuzwe, na anapigwa. Anapigwa haswa, analala chini kwenye masahani. Hiyo sini naipenda kuliko zote za aina hiyo kwa sababu haikumpa mzungu ushindi wa bure.

*Anti mambo. Mi natengeneza muvi fupi huku Kinondoni. Kwani weusi wenyewe hawakushika kamera wakati huo? — Dairekta Mtarajiwa*

Poa mwanangu. Walishika, na wa kumsoma kwanza ni Oscar Micheaux. Mzaliwa wa Illinois 1884, alilima South Dakota, akaandika riwaya akawa anaziuza mwenyewe mlango kwa mlango, na hao hao aliowauzia vitabu wengine ndo wakamchangia mtaji wa picha. Within Our Gates ya 1920 ni melodrama kamili, mwalimu mweusi anatafuta pesa za shule, mapenzi yapo, siri ya uzazi ipo, na ile sini ya kunyongwa na umati ambayo Breen baadae angeifuta, Micheaux kaiweka waziwazi, mji wa Chicago ulisumbuana nayo sana. Picha ikapotea miongo mingi, nakala ikaja kuonekana Hispania ina maandishi ya Kihispania. 1925 akamtambulisha Paul Robeson, ndo ikawa picha ya kwanza ya Robeson. 1938 akatengeneza God's Step Children, binti anayekimbia weusi, na ukiiangalia ni kama anaijibu Imitation of Life, ingawa na yeye alipigiwa kelele New York kwamba anawagawa weusi kwa rangi ya ngozi, na wapiga kelele hawakukosea.

Ujue taa zake ni mbovu, sini zimeungwa vibaya, waigizaji wengine wanasahau maneno. Hakuwa na studio. Lakini kwake mweusi ni daktari, ni tapeli, ni mchumba, ni mchungaji mwizi, kamera inaingia chumbani kwake. Angalia kwa ajili ya hilo, taa utajifunza kwingine.

*Anti nianze na ipi, na watoto wakae? — Baba Mapacha, Dodoma*

Anza na ya 1934, siku nyingine ndo uweke ya 1959, ukizichanganya usiku mmoja utachoka na Peola na Sarah Jane watakuwa mtu mmoja kichwani. Zote mbili ziko kwenye orodha ya picha zinazohifadhiwa na taifa la Marekani, 1934 iliingia 2005 na 1959 ikaingia 2015, kwahiyo nakala safi zinapatikana, usikubali ya kuibiwa yenye ukungu maana rangi za Sirk ni nusu ya maana. Watoto wadogo hapana kwa ya 1959, kuna kijana mzungu anampiga Sarah Jane kichochoroni baada ya kujua mama yake ni mweusi, inatisha. Wakifika sekondari wakae. Na ukitaka kuongeza Gone with the Wind ni karibu masaa manne, pikeni mapema.